Kompyuta inawaka ikichomekwa ukutani, lakini inagoma ikipitia UPS: mbovu ni nani kati yao?

KaraniMoro (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nina duka dogo la steshenari hapa Morogoro: fotokopi, kuchapa barua, kujaza fomu za maombi mtandaoni, na wanafunzi wanapokaribia kuripoti vyuoni foleni hufika barabarani. Kompyuta ninayoitumia ni ya mezani, ya mtumba, iliyotoka ofisini, na pawa saplai yake, kile kisanduku cha ndani kinachoigawia umeme, imeandikwa wati 500. Kati yake na soketi nimeweka UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika, nayo imechomekwa kwenye ekstensheni. Ni ya VA 650 (kipimo cha uwezo wake), niliinunua miaka mitatu na ushee iliyopita, na ndani yake kuna betri moja ya volti 12, Ah 7 (ampea-saa 7).

Tatizo lilianza kama mwezi mmoja uliopita. Umeme ukikatika, UPS hulia mara mbili tatu kisha kila kitu huzima kwa pamoja. Hilo nilishalizoea, nikijua betri imechoka. Lililonishinda ni linalotokea umeme ukirudi. Nawasha UPS, taa yake ya kijani inawaka vizuri, nabonyeza kitufe cha kompyuta, feni inajizungusha kidogo, ndani ya UPS nasikia “tak”, halafu UPS inalia mlio mmoja mrefu na kuzima, na kompyuta nayo imezima. Nikirudia, ni yale yale. Nikichomoa kebo ya kompyuta kwenye UPS na kuichomeka moja kwa moja ukutani, inawaka kwa mbonyezo wa kwanza bila kinyongo chochote. Cha ajabu zaidi ni kwamba nikiacha mambo yatulie kwa dakika kumi au kumi na tano, mara nyingine inakubali kuwaka hata kupitia UPS hiyo hiyo.

Fundi wa kwanza alisema pawa saplai imekufa, ninunue nyingine. Wa pili alisema UPS ndiyo imekufa. Wote wawili walitoa hukumu wakiwa wamesimama mlangoni, na hakuna aliyekuja na multimita. Kabla sijatoa hela kwa kubahatisha, naomba mwenye ujuzi anielekeze namna ya kumtambua mwenye kosa.

FundiKimya

Ndugu KaraniMoro, pole kwa usumbufu. Umeeleza vizuri kuliko wengi, na ndani ya maelezo yako mna jambo ambalo mafundi wako wote wawili wamelipita: huo mlio wa “tak” na wakati unapotokea. Usinunue chochote kwa sasa.

Kompyuta ya mezani hugutua umeme mara mbili, si mara moja kama wengi wanavyodhani. Mara ya kwanza ni pale pawa saplai inapopata umeme tu, yaani unapochomeka kebo, unapobonyeza swichi ndogo ya nyuma, au unapowasha UPS ambayo kompyuta imekwisha kuunganishwa nayo. Kitufe cha mbele hakijaguswa bado, lakini ndani kuna kapasita kubwa, mara nyingi ya maikrofaradi mia tatu hadi mia tano, ambayo ilikuwa tupu na sasa inajazwa ghafla hadi kilele cha wimbi la umeme; kwa umeme wa volti 230 kilele hicho ni karibu volti 325. Kapasita tupu, kwa nukta hiyo, haina tofauti kubwa na shoti. Kinachoizuia isimeze mkondo wote ni kidude kiitwacho themista, ambacho kikiwa baridi kina ukinzani wa omu kadhaa na kikipata moto ukinzani wake hushuka sana. Hata kikiwepo, mkondo wa kujaza hufika makumi ya ampea kwa sehemu ndogo ya sekunde. Ndiyo maana mtu anayezima na kuwasha harakaharaka kwa hasira anazidisha tatizo lake mwenyewe, kwa sababu themista bado ni ya moto na haimkingi tena. Subiri walau dakika moja au mbili kila unapojaribu upya.

Mara ya pili ni unapobonyeza kitufe cha mbele. Madabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, huunganisha waya wa kijani na ethi, pawa saplai inaamka kikamilifu, ile saketi ambayo mafundi huiita PFC inapandisha volti ya kapasita kubwa kutoka pale ilipokuwa hadi karibu 380, na wakati huo huo feni na diski zinaanza kuzunguka. Ni mguto mdogo kuliko ule wa kwanza, lakini unadumu muda mrefu zaidi.

Kwa hiyo naomba unijibu haya. Ukiwa umewasha UPS na umeme upo, bonyeza swichi ya nyuma ya pawa saplai peke yake, usiguse kitufe cha mbele: UPS inasemaje? Pili, kwenye ekstensheni hiyo kuna vifaa gani vingine? Tatu, pindua UPS usome lebo yake: inapokea umeme wa volti ngapi hadi ngapi?

Injinia_Mtaa

Mkuu, usijisumbue na hesabu za kapasita. Hiyo ni pawa saplai. Nimebadilisha nyingi zenye dalili kama hiyo ya feni kushtuka na kuzima, na zote zilipona. Hizi za mtumba zimetumika miaka mingi huko zilikotoka, kapasita zake ndogo zimevimba vichwa. Itupe, chomeka mpya, uendelee na kazi.

KaraniMoro

Fundi, ahsante sana. Nimefanya ulivyosema. Nikibonyeza swichi ya nyuma peke yake, UPS inabaki kimya kabisa na kataa kadogo ka kijani kwenye madabodi kanawaka vizuri bila kufifia. Mambo yanaharibika ninapobonyeza kitufe cha mbele, si kabla ya hapo.

Kwenye ekstensheni kuna UPS, mashine ya fotokopi, feni ya mezani na chaja za simu. Lebo ya UPS inasema volti 170 hadi 280. Niongeze jambo moja ambalo huenda lina maana: umeme ukirudi, kitu cha kwanza ninachowasha ni fotokopi, kwa sababu huchukua muda kupata moto na wateja wanakuwa wamesimama. Kompyuta huwa ya pili.

Ndugu Injinia, hoja yako nimeielewa, lakini mbona ukutani inawaka kila mara?

FundiKimya

Nianze na Injinia_Mtaa, kwa sababu anachokisema ni ugonjwa wa kweli, ila ni wa mgonjwa mwingine. Pawa saplai ina njia ndogo ya volti 5 inayokesha hata kompyuta ikiwa imezimwa, na hiyo ndiyo inayoamsha madabodi. Kapasita zake zikichoka, mashine hukataa kuwaka asubuhi ikiwa baridi, unabonyeza mara sita saba, taa ya madabodi inafifia au inapepesa, kisha ikishapata joto inawaka na kushinda siku nzima bila tatizo. Lakini ugonjwa huo haubagui: ungeonekana ukutani kama unavyoonekana kwenye UPS. Ya KaraniMoro inawaka ukutani kwa mbonyezo mmoja, na taa yake haififii.

Hata hivyo tusimwachie mtuhumiwa huyu bila kumpima. Zima kila kitu, chomoa kebo ya umeme, kisha chomoa kwenye madabodi ile plagi pana ya pini 24 pamoja na nyaya zote zinazokwenda kwenye diski, acha feni moja tu ikiwa imeunganishwa. Chukua kipande cha waya au kibanio cha karatasi, ambacho kwa mwenye steshenari si tatizo, unganisha tundu la waya wa kijani na tundu lolote la waya mweusi kwenye plagi hiyo, ndipo urudishe kebo ya umeme. Feni inapaswa kuzunguka. Kama huna hakika ni tundu lipi, acha, usikisie. Pima: waya wa njano uwe kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25, wa machungwa kati ya 3.14 na 3.47, na wa zambarau, ambao ndio ule wa kukesha, kati ya 4.75 na 5.25. Kasha la pawa saplai lenyewe usilifungue, kwa sababu ile kapasita kubwa inaweza kubaki na chaji ya kumrusha mtu hata baada ya kebo kuchomolewa.

Sasa turudi kwenye UPS. Nyingi tunazonunua madukani ni za aina ambayo umeme wa ukutani ukiwepo, unapita tu: unaingia, unapitia relei, yaani swichi inayohamishwa na umeme, na transfoma inayoweza kuongeza au kupunguza volti kidogo, unatoka. Betri imekaa pembeni inachajiwa na haishiriki kitu. Kwa maana hiyo, UPS yenye betri mfu kabisa ingeweza kuwasha kompyuta yako siku nzima, madamu umeme wa ukutani ni mzuri. Huo mlio wa “tak” ni relei ikihama. Yaani wakati ule ule unapobonyeza kitufe, UPS inaamini kwamba umeme umekatika au umeshuka mno, inajitupa kwenye betri, betri haina nguvu ya kubeba mguto, na kila kitu kinazima. Swali langu limebadilika: kwa nini UPS inaona umeme umekatika wakati haujakatika?

Naomba vipimo vitatu. Pima volti kwenye soketi ya ukutani, kisha kwenye ekstensheni pale UPS ilipochomekwa, mara moja fotokopi ikiwa imezimwa na mara ya pili ikiwa ndiyo kwanza imewashwa na inajipasha moto. Kama hujazoea kushika multimita kwenye umeme wa ukutani, mwite fundi umeme, hiyo si sehemu ya kujifunzia peke yako. Kisha shika plagi ya ekstensheni kwa kiganja baada ya dakika tano za fotokopi kupata moto, uniambie ikoje. Mwisho, jaribio la betri: ondoa kompyuta, weka kwenye UPS balbu ya zamani ya uzi ya wati 100, chomoa UPS ukutani, uhesabu muda. Betri nzima ya Ah 7 inapaswa kukuvusha zaidi ya dakika kumi na tano.

KaraniMoro

Wakuu, samahani kwa kuchelewa, nilimsubiri kijana wa jirani ambaye ni fundi umeme aje na multimita yake. Naandika matokeo kama tulivyoyaandika nyuma ya karatasi ya fotokopi iliyoharibika.

Pawa saplai, kwa ule mtindo wa kibanio cha karatasi: njano 12.08, nyekundu 5.03, machungwa 3.31, zambarau 5.06. Feni ilizunguka bila kusitasita. Tulirudia mara tano, na kati ya kila mara tulipumzika dakika mbili.

Soketi ya ukutani, saa kumi na moja jioni: volti 201 fotokopi ikiwa imezimwa, 196 ikijipasha moto. Kwenye ekstensheni, fotokopi imezimwa, 200. Fotokopi ilipowashwa, na hapa kijana alinitazama kama mtu aliyeona nyoka, 178, na ilikuwa inacheza, 178, 181, 177, taa iliyo juu ya meza nayo ikififia kwa mpigo huo huo. Baada ya dakika kama kumi na mbili mashine ilipotulia, ikarudi 198.

Plagi ya ekstensheni ilikuwa ya moto kiasi kwamba sikuweza kuifumbata kwa zaidi ya kuhesabu tatu. Tuliizima, tukaifungua. Skrubu inayobana waya wa laivu ilikuwa imelegea hadi inazunguka kwa ukucha, na plastiki upande huo imegeuka kahawia na kunuka. Waya wenyewe ni mwembamba mno, na kwa kuwa duka limekaa upande ambao soketi haipo, niliuunga na mwingine miaka hiyo. Kwa pamoja unafika karibu mita thelathini, sehemu kubwa yake imeviringwa chini ya kabati.

Balbu ya wati 100 kwenye UPS ilidumu sekunde thelathini na nane. Tulipotoa betri na kuiacha ikae, multimita ilisoma 12.6, kijana akasema betri ni nzima. Mimi nikamwambia awashe tena balbu huku tukipima, ikaanguka papo hapo hadi 9.7, na UPS ikazima.

FundiKimya

Hapo sasa kesi imeiva. Betri isiyo na mzigo hudanganya. Ikipumzika inaweza kusoma 12.6 au 12.7 huku ndani imekauka, na ukweli wake huonekana tu inapobebeshwa kitu. UPS nyingi huacha kazi betri ikifika karibu 10.5, hivyo 9.7 ni mauti. Miaka mitatu na ushee kwa betri ya aina hiyo katika joto la duka ni umri wa kawaida wa kustaafu: watengenezaji huhesabu maisha yake kwa nyuzi joto 25 au chini ya hapo, na kila unapopanda karibu nyuzi kumi, maisha hayo hupungua karibu nusu.

Lakini betri ni mshtakiwa wa pili. Wa kwanza ni huo waya wa mita thelathini na hiyo skrubu. Tazama mpangilio: umeme unarudi, unawasha fotokopi, kipasha moto chake kinavuta labda wati elfu moja na zaidi, yaani ampea tano au sita, na njiani zinapotea volti ishirini hivi. Hizo hazipotei hewani, zinageuka joto, sehemu kwenye waya ulioviringwa na sehemu kwenye plagi uliyoshindwa kuishika. UPS inapata 178, ambayo ni volti nane tu juu ya kikomo chake cha 170. Bado inavumilia, inaongeza volti kwa transfoma yake, taa inabaki ya kijani, na wewe unaona kila kitu ni shwari. Kisha unabonyeza kitufe cha kompyuta. Ule mguto wa nusu sekunde unapita kwenye njia ile ile nyembamba, volti inaporomoka chini ya 170, relei inahama, “tak”, betri inaitwa kazini na haipo. Ukingoja dakika kumi na mbili, fotokopi imekwisha kupata moto, volti imerudi 198, na kompyuta inawaka. Muujiza wako wa dakika kumi au kumi na tano ni huo.

Na kwa nini ukutani inawaka kila mara? Kwanza, ukutani umeikwepa ekstensheni. Pili, pawa saplai yenye PFC kwa kawaida hupokea kuanzia volti 100 hadi 240, kwa hiyo 196 au hata 178 kwake ni chakula cha kawaida. Kati ya vifaa vyote dukani kwako, UPS ndiyo yenye masharti makali kuliko vingine kuhusu umeme unaoingia, na ni yenyewe uliyoikabidhi ulinzi.

Matengenezo ni haya. Ekstensheni hiyo usiitumie tena hata leo usiku, kwa sababu plagi iliyokwisha kugeuka kahawia ni moto unaosubiri. Mwambie kijana avute waya wa milimita za mraba 2.5 kutoka kwenye sakiti breka hadi upande wa meza yako, aweke soketi mbili, na fotokopi iwe na soketi yake peke yake. Kamwe fotokopi wala printa ya leza isichomekwe kwenye UPS. Kisha nunua betri: volti 12, Ah 7, au Ah 9 kama ukubwa wa nje ni ule ule. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi; utaona cheche ndogo ukigusisha waya wa mwisho, usishtuke. Iache ichaji usiku kucha kabla ya kuipima.

Injinia_Mtaa

Nakubali, mkuu. Ila niseme kwa kujitetea kwamba angenunua pawa saplai mpya na akaichomeka baada ya dakika kumi na tano, ingewaka, na mimi ningehesabiwa nimeponya.

FundiKimya

Ndivyo wengi tunavyohesabiwa, ndugu yangu. Nami nimeshawahi kulipwa kwa namna hiyo.

Mkulima_Kidijitali

Samahani kwa kudandia. Mimi ninayo UPS ya namna hiyo, betri yake imekufa, na nina betri ya gari ya Ah 70 imekaa tu. Nikiunganisha kwa waya mrefu nje ya kasha, si nitapata saa nyingi zaidi?

FundiKimya

Itafanya kazi siku ya kwanza, na hapo ndipo penye mtego. Transfoma na transista za UPS ndogo zimetengenezwa zibebe mzigo kwa dakika chache, muda ambao betri ya Ah 7 huisha yenyewe kabla joto halijawa kubwa; nyingi hazina hata feni. Ukizipa betri ya saa tano, zitapika hadi ziungue. Chaja ya ndani nayo ni ndogo, mara nyingi haizidi ampea moja, hivyo kuijaza Ah 70 kutachukua siku tatu au zaidi, na kama umeme hukatika kila siku, betri hiyo haitajaa kamwe na itaharibika kwa kukaa nusu. Isitoshe, betri ya gari yenye maji hutoa gesi ya haidrojeni inapochajiwa, na hutaki gesi hiyo chini ya meza kwenye chumba kilichofungwa. Mwenye kuhitaji saa nyingi anunue inveta iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Bahari_Msa

Nami niko Mombasa, na yangu ni kinyume cha KaraniMoro. Kompyuta yangu ni ya kuhariri video, pawa saplai ya wati 650 yenye PFC, UPS mpya ya VA 1000, betri mpya. Kuwaka inawaka bila tatizo. Lakini nikiwa katikati ya kazi nzito na stima ikipotea, UPS inahamia betri na papo hapo inalia kuwa imezidiwa, kompyuta inazima. Nikiwa nasoma barua pepe tu, inavuka salama. Waya wangu ni mzuri, nimehakikisha.

FundiKimya

Ndugu Bahari_Msa, umejijibu nusu. Kwanza soma wati kwenye lebo ya UPS, si VA. VA 1000 mara nyingi ni wati 600 au pungufu, na pia kumbuka kwamba wati 650 za pawa saplai yako ni uwezo wake, si kiasi inachovuta. Katika kazi nzito huenda unavuta 350 au 400. Kwa hesabu hiyo ulipaswa kuvuka, kwa hiyo tuutazame umbo la umeme wenyewe.

UPS za bei ya kawaida zikiwa kwenye betri hazitoi wimbi laini kama la ukutani. Hutoa ngazi: juu, sifuri, chini, sifuri, tena juu. Pawa saplai ya zamani isiyo na PFC haijali. Ile yenye PFC hujaribu kufuata umbo la umeme unaoingia, na inapokutana na ngazi, kila ukingo unakuwa mguto mpya wa mkondo, mara mia moja kwa sekunde. Mzigo ukiwa mdogo, miguto ni midogo na UPS inavumilia. Mzigo ukiwa mkubwa, UPS inaisoma miguto hiyo kama imezidiwa na inajizima ili isiungue. Uhamaji wenyewe wa relei huchukua milisekunde nne hadi kumi, na pawa saplai nzuri ina akiba ya kama milisekunde kumi na sita, kwa hiyo hapo sioni kosa.

Kama muuzaji atakubali kubadilishana, tafuta UPS iliyoandikwa wazi kwamba kwenye betri inatoa wimbi safi la sayini, yaani laini kama la ukutani. Kama hatakubali, UPS ya ngazi yenye wati nyingi zaidi husaidia baadhi ya mashine, lakini sikuahidi.

Bahari_Msa

Shukrani, mkubwa wangu. Nimeangalia lebo, ni wati 550, na kwenye karatasi yake wameandika ni wimbi la ngazi kwa maandishi madogo sana. Nitazungumza naye kesho asubuhi.

KaraniMoro

Wakuu, nimerudi na taarifa. Kijana alivuta waya wa 2.5 Jumamosi, akaweka soketi mbili upande wa meza, na fotokopi ina yake peke yake. Kwenye soketi ya UPS sasa inasoma 199 fotokopi ikiwa imezimwa na 195 ikijipasha moto, na taa ya mezani haififii tena. Plagi ya zamani nimeiweka dirishani ili nimwonyeshe kila anayeniomba nimuuzie ekstensheni ya bei rahisi.

Betri niliibadilisha siku iliyofuata. Kabla ya kuiweka niliamua kujaribu kwanza soketi mpya na betri ile ile iliyokufa, ili nijue kipi kimeponya nini. Fundi, ulikuwa sahihi: kompyuta iliwaka kupitia UPS kwa mbonyezo wa kwanza, fotokopi ikiwa inaunguruma kwa moto, betri mfu ikiwa ndani. Baada ya kuweka betri mpya na kuichaji usiku kucha, balbu ya wati 100 ilidumu dakika kumi na tisa.

Kuanzia saa moja usiku, mtaa mzima ukipika na kutazama televisheni, volti hushuka hadi 186 na UPS hutoa “tak” moja inapoongeza volti, kisha inanyamaza na kazi inaendelea.

Injinia_Mtaa, ile pawa saplai uliyoniambia niitupe ndiyo ninayoandikia ujumbe huu, na umeme umekatika dakika saba zilizopita.